Sikio la Bwana Pampu

Machi 4, Jumatatu

Masika yameanza leo, na leo hii hii nimepewa kazi ya plasta. Plasta na mvua ni mtu na mke mwenzake: ukiwaweka chumba kimoja, hakuna kinachokauka isipokuwa koo la mwenye nyumba.

Kiwanda chetu cha sarafu kitatoa sarafu ya fedha ya ukumbusho kwa heshima ya Bwana Pampu. Hivyo ndivyo nchi nzima ilivyomwita huyo mvumbuzi, mtu aliyebuni pampu ya kisima ambayo hata bibi kizee anaipiga kwa mkono mmoja na maji yanapanda kutoka chini kabisa. Alikufa miaka sita iliyopita, hapa hapa mjini. Upande mmoja wa sarafu utakuwa na pampu, upande wa pili uso wake. Pampu kapewa mwenzangu. Uso nimepewa mimi, kwa sababu nyuso zote za kiwanda hiki huishia mezani kwangu.

Mkuu wa karakana, ambaye tunamwita Mzee Lenzi kwa kile kioo cha kukuzia kisichomtoka jichoni, alinikabidhi picha ya marehemu. Moja tu, tena yenye ukungu. Nilidhani anatania.

Machi 5, Jumanne

Hakuwa anatania.

Machi 7, Alhamisi

Katika picha yangu ya pekee, Bwana Pampu amegeuka upande wa kushoto wa picha, amekunja macho kwa jua, na amevaa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka chini ya masikio. Kamati ya sarafu inataka achorwe kichwa wazi. Katibu wao amesema mtu mwenye kofia ya sufu kwenye sarafu ya fedha ataonekana mlinzi wa zamu.

Nikaomba picha nyingine. Zimekuja, na zote zina kofia. Katibu akampigia simu mjane wake, naye akajibu kwamba mumewe hakuwahi kuvua kofia mbele ya watu, na kwamba hata kofia yenyewe hana. Kwa hiyo natakiwa nichonge kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Acha nieleze, maana siku moja nitasoma haya nimesahau. Kwanza nafinyanga uso kwa udongo, mkubwa kama sinia. Kisha naumwagia plasta, na plasta ikishika nainyoosha kwa kisu mpaka niridhike. Ikikauka sawasawa inakwenda kwenye mashine yenye sindano, ambayo inapapasa uso wote na kuuchonga upya kwenye chuma, mdogo kama sarafu. Chuma hicho ndicho muhuri unaogonga fedha. Mashine haina huruma. Hata alama ya ukucha wangu inaipeleka.

Na kwa sisi wa kazi hii kuna jambo hatulisemi nje. Picha ikificha kitu, tunaazima kwa walio hai. Jaji mmoja marehemu amevaa pua ya bawabu wetu kwenye medali. Kidevu cha mwimbaji fulani ni cha Mzee Lenzi, na mwenyewe hajui mpaka leo. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema unaweza kubuni pua, unaweza kubuni paji, lakini sikio la kubuni linaonekana kipande cha unga kilichobandikwa.

Machi 9, Jumamosi

Nimeshinda kwenye duka la kunyolea la mume wangu kutafuta sikio la kuazima. Kiti kimoja cha kuzunguka, vioo viwili, benchi la wateja, taulo kwenye misumari, na kwenye msumari wa mwisho ile kofia kuukuu ambayo mteja mmoja aliisahau enzi hizo. Nimemwambia tena aitupe, inakusanya vumbi. Akanijibu kama anavyonijibu siku zote, kwamba ya watu haitupwi.

Nimetazama masikio mpaka wateja wakaanza kujikuna. Hakuna lililofaa.

Machi 12, Jumanne

Mama mkwe wangu anaishi nasi tangu magoti yalipomkataa. Jioni nilikuwa na picha mezani, akaichukua, akaenda nayo dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili picha ya ukungu.

Akauliza, “Mnamvua kofia?”

Nikamweleza shida yangu. Akairudisha picha mezani taratibu. “Chukua sikio la mumeo. Litamfaa.”

Nilicheka. Sikio la kushoto la mume wangu limekunjika juu, kama ncha ya ukurasa mtu aliyoikunja ili akumbuke alipofika. Tangu uchumba namtania kwamba ndiyo maana hanisikii, sikio la kufa halisikii dawa. Lakini nilipolifikiria vizuri nikaona mama mkwe kasema kweli. Ni sikio lenye mwenyewe. Hakuna atakayedhani limebuniwa.

Machi 13, Jumatano

Nimempima mume wangu kwa bikari. Huyu ni mtu asiyeweza kukaa hata kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, lakini leo alitulia kama maji ya mtungini. Kichwa alikigeuza mwenyewe, pale pale pa kwenye picha, na picha sijamwonyesha. Nadhani ndio ukinyozi.

Machi 18, Jumatatu

Mvua. Udongo. Mdomo umekubali, macho bado.

Machi 21, Alhamisi

Mzee Lenzi kanikuta nahangaika na lile kunjo kwa kisu chembamba. “Sikio halipiti kichwa,” akaniambia, eti naliremba kupita kiasi. Kisha akainama na kioo chake, akasema tuliache hivyo hivyo, linampa marehemu ubinadamu. Nimerudi nyumbani nikijisikia fundi.

Machi 26, Jumanne

Nimemwaga plasta. Anga lote liko chini.

Aprili 2, Jumanne

Plasta haikauki. Nguo hazikauki. Mama mkwe ameanza kuniuliza kila jioni, “Bado?” Nafikiri anauliza nguo. Mjane anatarajiwa Ijumaa kuja kuutazama uso, kwani bila sahihi yake sarafu haiendi popote.

Aprili 5, Ijumaa

Nitaandika kwa mpangilio, nisije kesho nikadhani niliota.

Mjane alifika asubuhi. Mama mfupi, mgongo ulionyooka, viatu visafi pamoja na tope lote lile la getini. Nikamwamkia, Mzee Lenzi akamletea kiti, akatuacha akaenda kwenye kikao chake. Nikafunua kitambaa.

Kwanza alitabasamu. Alisema mdomo ndio wenyewe, ulikuwa unakaa hivyo akitaka kubisha. Akasogea upande wa taa. Nikamwona tabasamu likimwondoka usoni. Akanyoosha kidole, akakiweka juu ya lile kunjo bila kubonyeza.

“Hili sikio umelitoa wapi?”

Mimi mjinga nikadhani anataka kulalamika kwamba silo. Tena nilikuwa na fahari. Nikamweleza habari ya kuazima, nikamwambia huku nacheka, “Ni la mume wangu, Mama. Kama halifanani nalibadilisha sasa hivi, plasta bado mbichi.”

“Ndilo lenyewe,” akasema.

Nikabaki na kicheko mdomoni, sina pa kukiweka. Akaketi. Akanieleza kwamba utotoni wenzake walimwimbia marehemu juu ya sikio hilo mpaka akaapa dunia haitaliona tena. Kofia aliivua chumbani kwao tu, mlango ukiwa umefungwa. Mara moja tu alirudi nyumbani kichwa wazi, ameloa chapachapa, akasema kofia ameisahau mahali. Yeye alidhani mzee amechanganyikiwa. Mwezi haukuisha, akafa.

Kisha akaniuliza umri wa mume wangu. Nikamtajia. Nikaona midomo yake ikihesabu. Akauliza baba yake yuko wapi. Nikasema alikufa kabla hajazaliwa, ndivyo tulivyoambiwa. Na mama yake?

“Yupo, Mama, naishi naye. Zamani alikuwa akifagia karakana moja ya vyuma, kule upande wa reli…”

Hapo nikajisikia mwenyewe. Karakana ya Bwana Pampu ilikuwa upande wa reli. Nimelisoma hilo kwenye karatasi za Kamati kwa macho yangu mawili. Nikashika ukingo wa meza, na uso wa plasta ukawa katikati yetu unatutazama pembeni, mdomo wake wa ubishi umetulia.

Mjane alichukua mkoba wake. Akasema leo hatii sahihi, atarudi kabla plasta haijakauka. Mlangoni akageuka kuniuliza kama mume wangu anajua.

Nikamwambia hajui kitu. Wakati ule niliamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Aprili 6, Jumamosi

Jana nilijilaza nikasingizia kichwa. Leo mume wangu alipoondoka kwenda kazini, nilimfuata mama mkwe alipokuwa akikunja nguo zisizokauka, nikakaa mbele yake.

“Mama, Bwana Pampu ni nani wako?”

Hakushtuka. Alimalizia shati alilolishika, akalaza kola vizuri. “Umechelewa kuuliza,” akasema.

Alinisimulia bila kuinua sauti. Alikuwa binti anayefagia, na yule bwana alikuwa akilala karakanani siku nyingine kwa kuhangaika na pampu yake isiyotaka kuvuta. Alikuwa tayari ana mke. Mimba ilipoingia, mama mkwe aliacha ufagio mlangoni, akahama mtaa. Bwana alimtafuta, akatuma mtu, akatuma tena. Kila alichotuma kilirudi. Ndipo mama mkwe akaamua kumwambia kila mtu kwamba baba wa mtoto amekufa. Akasema, na nadhani alitaka nicheke, kwamba alimzika mapema ili asimsumbue.

Sikucheka. Nilifoka. Nilimwambia amenichongesha baba mkwe wangu kama kipofu, amenitumia mikono yangu, na jana nimemvunja mjane wa watu moyo kwa mdomo wangu mwenyewe huku nikicheka. Alinisubiri nimalize.

“Ulikuwa unatafuta sikio, mwanangu,” akasema. “Mimi nilikuwa nalo.”

Akaendelea kwamba mwanawe hakupata hata kijiko cha baba yake. Aliposikia nchi inamtengenezea sarafu, tena kwa mikono ya mkwe wake, aliona hiyo si bure. Walau sikio likae mahali pake, hata kama hakuna atakayejua.

Nikamwambia kuna mmoja atakayejua. Mume wangu ni kinyozi. Anashinda na masikio ya watu kutwa, na lake analiona kwenye kioo kila anapoinua mkasi. Siku sarafu itakapoanguka kiganjani mwake atalitambua kabla hajasoma maandishi.

Hapo ndipo mama mkwe aliposhtuka. “Si litakuwa dogo?” akauliza. “Sarafu si ndogo?”

Maskini, hilo ndilo alilokuwa amelitegemea. Alidhani likipunguzwa litapotea. Nikamweleza habari ya sindano, kwamba halipotei hata jeraha la ukucha. Alikaa na soksi moja mkononi, akiitafuta ya pili ambayo ilikuwa mapajani pake.

Nikamwambia amweleze mwanawe yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kabla hajaelezwa na kipande cha fedha. Nilimwambia mtu hawezi kuonyeshwa baba yake namna hiyo, amesimama dukani na wateja wanamtazama.

“Nitamwambia mvua ikikatika,” akasema.

Aprili 8, Jumatatu

Mvua haijakatika.

Aprili 11, Alhamisi

Nakaa mezani na watu wawili ninaowajua upya. Namtazama mama mkwe, niliyemdhani mtu wa magoti na nguo, na namwona binti mwenye ufagio. Namtazama mume wangu akitafuna, na namwona plasta yangu ikitafuna. Mdomo ule wa ubishi ninaousifia kazini nimekuwa nikigombana nao nyumbani miaka yote. Vipi sikuuona? Kazi yangu ni nyuso!

Leo aliniuliza mbona namkodolea macho. Nikasema ana chakula kidevuni. Hakuwa nacho.

Aprili 12, Ijumaa

“Mvua ikikatika,” anasema tena, na mimi mwenyewe nimeanza kuomba isikatike.

Aprili 17, Jumatano

Mjane amekuja bila taarifa. Plasta imeanza kushika weupe pembeni, na mimi nilikuwa nimeweka kisu karibu. Sifichi: asubuhi yote nilikuwa nikilipigia mahesabu lile kunjo. Kulisawazisha ni kazi ya muda wa kikombe cha chai. Ningelitoa, mjane angetia sahihi, mama mkwe angebaki na siri yake, na mume wangu angeendelea kuwa mtu ambaye baba yake alikufa zamani. Nyumba yangu ingetulia. Kilichonizuia sikijui. Labda ni kwamba lile ndilo sikio ninalosemea mambo yangu yote.

Hakuketi. Alisimama mbele ya uso wa mumewe akaongea naye zaidi kuliko alivyoongea na mimi.

“Miaka yote aliniambia yeye ndiye asiyezaa. Mama yake aliponiita tasa mbele za watu, alisimama akasema, ‘Mwacheni mke wangu, kasoro ni yangu.’ Nilimlilia. Nilimbembeleza kama mtoto, nikimwambia si kitu, tutaishi hivyo hivyo. Kumbe alikuwa anajua kwamba ana mtoto.”

Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi asubiri kidogo.

“Alinisaliti, kisha akajipaka aibu ili mimi nisiipate,” akasema. “Nimekesha siku hizi zote nikitaka kumchukia, na kila nikikaribia nakumbuka alivyosimama siku ile.”

Nikamwambia ninaweza kulitoa sasa hivi. Alikitazama kisu, akanitazama mimi, akalitazama sikio.

“Ukilitoa, basi mimi ndiye nitakayekuwa nimelificha. Hapana. Huyu bwana amekaa chini ya kofia maisha yake yote. Mwache avue.”

Akatia sahihi pale pale, akiegemea benchi langu lenye vumbi la plasta. Alipokuwa anafunga mkoba aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichonuia kununua, huyo mume wangu ni mtu wa namna gani. Nikasema ananyoa vizuri na anakoroma vibaya. Akacheka bila kutaka, akajifuta macho, akaondoka na kiganja cheupe kwa plasta.

Aprili 19, Ijumaa

Jua. Mama mkwe anatazama anga kama mtu aliyedhulumiwa.

Aprili 21, Jumapili

Aijuaye siri ya mtungi ni kata. Nimeusikia msemo huo tangu sijaota meno, na leo ndio nimeuelewa.

Baada ya chakula cha mchana mume wangu alitandaza gazeti mezani, akaanza kusafisha mashine zake za kunyolea kwa mswaki, kama afanyavyo kila Jumapili. Mama mkwe alitoka chumbani kwake amevaa vizuri, kana kwamba anakwenda kwa watu. Akakaa. Nikataka kutoka, akanishika mkono.

Alianza kwa kumwambia kwamba baba yake hakufa kabla hajazaliwa. Akasema baba yake alikuwa mtu wa hapa hapa mjini, na kwamba alikuwa…

Mume wangu hakuacha kupiga mswaki. “Najua, Mama,” akasema. “Nilikuwa namnyoa.”

Nikidanganya nitasema nilifanya kitu. Sikufanya kitu. Niliduwaa na kikombe hewani mpaka chai ikanimwagikia mapajani, na sikuhisi moto wake.

Akaeleza huku akiendelea na kazi yake, nadhani kwa sababu asingeweza kueleza mikono ikiwa bure. Siku moja mzee mwenye kofia ya sufu aliingia dukani wakati hakuna mteja. Alikaa kitini, akachungulia mlangoni, akavua kofia. Mume wangu alikuwa nyuma yake ameshika kitambaa. Wote wawili wakatazama mbele, kwenye kioo. Masikio mawili ya kushoto, moja chini na moja juu yake, yamekunjika mahali pale pale.

Nikauliza mzee alisema nini. Nilijisikia nikinong’ona.

“Alisema nimpunguze nyuma.”

“Na wewe?”

“Nikampunguza nyuma.”

Aliendelea kuja kila mwezi, miaka minne, saa za mvua au jua kali, wakati duka liko tupu. Walizungumza mabomba, visima, ugumu wa kupata vipuri. Jambo lile hawakuligusa. Mume wangu alisema alikuwa akisubiri mzee aanze, na anadhani mzee alikuwa akimsubiri yeye. Siku ya mwisho alinyolewa, akalipa, akatoka nje kwenye mvua kichwa wazi. Mume wangu akamkimbilia na kofia mpaka katikati ya barabara. Mzee akamwambia, “Iache hapo hapo. Nitaikuta.”

Mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Alipoitoa aliuliza swali moja tu, kwa nini hakumwambia.

“Wewe ulitaka nisijue,” mume wangu akasema. “Nikaona nikuachie unachokitaka.”

Alilia basi, mama wa watu, kilio cha miaka yote ile, na mwanawe akaweka mswaki chini akamshika mabega. Mimi nilikuwa bado nimesimama na kikombe kitupu. Kofia! Nimeikodolea macho kwenye picha majuma na majuma, mpaka nyuzi zake nazijua, na Jumamosi ile ilikuwa inaning’inia juu ya kichwa changu kwenye msumari nami namwambia aitupe. Nyumba nzima ilikuwa inajua. Asiyejua ni mimi peke yangu niliyemchonga.

Hasira ikanipanda nikamvaa. Kwa nini alikaa kimya nilipomjia na bikari? Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

“Nilidhani umeshajua, unanitega,” akasema. “Ningejua hujui ningekusaidia. Kichwa kile nakifahamu kuliko picha yako.” Kisha akashusha sauti, kwa adabu, kama anavyomwambia mteja kwamba ana upara. “Ile siku niliyokuletea mwavuli kazini niliuona ule uso. Kisogo umekifanya bapa.”

Nilimrushia kitambaa cha mezani. Mama mkwe akacheka katikati ya kilio, na ndipo na mimi nikapata kulia.

Aprili 22, Jumatatu

Nimerekebisha kisogo. Mzee Lenzi kauliza nimepata wapi ushahidi. Nikasema kwa kinyozi wake.

Mei 6, Jumatatu

Plasta imekauka kabisa, inalia ukiigonga. Imeingia kwenye mashine. Nilisimama kuitazama sindano ikipapasa paji, ikashuka, ikafika sikioni, ikalipanda kunjo na kuteremka upande wa pili bila kuruka kitu.

Mei 20, Jumatatu

Mama mkwe haulizi tena “Bado?” Amehamia kwenye swali jingine: mjane ni mtu wa namna gani. Nimemwambia ni mama mfupi mwenye viatu visafi. Akasema anamkumbuka. Alikuwa akipita karakanani kumletea mumewe chakula, na kila alipopita alimsalimia binti wa ufagio kwa heshima. Akasema hilo ndilo linalomuuma hata sasa.

Juni 8, Jumamosi

Sarafu imetoka. Fedha tupu, nzito, pampu upande mmoja na yeye upande wa pili, kichwa wazi. Sisi tulioshiriki tumepewa moja moja ndani ya kijisanduku. Yangu nimeipeleka moja kwa moja dukani kwa mume wangu.

Mume wangu aliipokea akiwa na sabuni mikononi. Akajifuta kwanza. Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba pale sikioni, akapandisha mkono mwingine akalishika lake, bila kujua kwamba nimemwona. Mteja aliyekuwa kitini nusu kichwa kimenyolewa hakulalamika.

Tulikuwa katika hali hiyo mlango ulipofunguliwa, akaingia mjane. Sikumwalika. Sikuwahi hata kumwambia duka liko wapi, ila kinyozi mwenye sikio lile si mtu wa kutafutwa mbali. Alisimama kizingitini na viatu vyake visafi, akamtazama mume wangu kuanzia miguuni, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi asizoziamini. Alipofika sikioni alisimama.

“Shikamoo, Mama,” mume wangu akasema.

“Marahaba,” akajibu mjane.

Mume wangu akaenda kwenye msumari wa mwisho. Akaikung’uta kofia mara mbili, vumbi likatoka, akamletea kwa mikono miwili. Akamwambia mzee aliiacha hapa, alisema ataikuta.

Mjane aliipokea, akaigeuza nje ndani. Akatuonyesha mahali alipoishona kwa uzi wa rangi nyingine, maana wakati ule rangi yake haikupatikana. Nilidhani ataanguka, nikamsogelea. Lakini alikwenda kwa mume wangu, akanyoosha mikono, akamvalisha kofia, akaivuta mpaka chini ya masikio kama alivyokuwa akimvalisha yule mwingine kila asubuhi. Akarudi hatua moja akamtazama.

Kisha akaivua.

“Hapana,” akasema. “Wewe kaa bila.”

Aliikunja akaitia mkobani, akauliza kama anaweza kukaa kidogo kwenye benchi. Mume wangu akampangusia. Alikaa pale mpaka mchana, akimsikiliza akieleza mzee alivyokuwa akitaka kupunguzwa nyuma, na alipoinuka kuondoka aliniuliza kama mama yetu nyumbani anapokea wageni Jumapili.